Paka wa Lusiana

Sehemu ya tisa

Ile simu ya mkuu wa shule tuliyoiacha ikiita Jumapili iliyopita haikuwa ya kumfukuza Mwalimu Jastin kazi. Kwake ilikuwa afadhali ingekuwa hiyo.

"Umepangiwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne," mkuu alisema. "Wilaya ya Ruangwa, shule moja huko Narung'ombe. Mwaka jana ulikataa, ukasema unaumwa. Mwaka huu hukatai."

"Mkuu, nina paka."

"Una nini?"

"Paka. Wawili. Hawana wa kuwaangalia."

"Mwalimu," mkuu alisema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "jiandae." Akakata.

Wewe uliyeanza kusoma leo hujachelewa. Jastin ni mtu wa Singida, mwalimu wa hisabati, aliyeletwa na ajira Nachingwea angali kijana. Huku huku akamwoa Lusiana, binti wa kijiji cha Chiola, fundi cherehani. Ndoa ya kanisani, watu wakala wakashiba.

Kisha akaja Edina, dada yake Jastin, kukaa nao. Kaka mtu akaanza kuumwa tumbo. Edina akasema ni dawa, Lusiana anamtilia mumewe kwenye chakula.

Jastin hakusema anaamini. Hakusema haamini. Aliacha tu kula.

Kila jioni Lusiana alipika na kutenga. Kila jioni mumewe alivaa ndara, akaenda kula kwa mama ntilie pale stendi. Naye Lusiana alikichukua chakula kile, akawawekea paka wake wawili mbele ya macho ya wifi yake. Paka wakala. Paka hawakufa. Walinenepa.

Hospitali walipompima Jastin na kumwambia ana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa watu kibao, Lusiana alikuwa ameshaondoka. Alifunga cherehani yake nyuma ya bodaboda. Paka hawakufungika. Akasimama mlangoni akasema, "Paka wangu nitawafuata." Hakusema lingine.

Edina alirudishwa Singida. Jastin akabaki na Kibiriti, dume jekundu lenye mdomo mkubwa, na Sista, jike jeusi lenye kifua cheupe, lililoitwa hivyo kwa kufanana na masista wa misheni.

Na tangu siku ile Jastin hakusafiri. Mdogo wake alioa, hakwenda. Semina za walimu alizikwepa. Likizo alizimalizia barazani. Aliogopa Lusiana asije akawafuata paka, akakuta mlango una kufuli.

Sasa mlango ulikuwa lazima ufungwe.

*

Alianza na Bibie, mwenye nyumba wake.

"Mwalimu," Bibie alisema bila kuacha kupepeta mchele, "mimi nilikupangishia vyumba viwili na baraza. Paka sikuwapangisha."

"Ni kuwawekea chakula tu, Bibie. Asubuhi na jioni."

"Paka walioachwa na mwanamke aliyeondoka na uchungu? Mimi siwagusi. Na ukiwafungia humo ndani wakalia, nitawafungulia waende zao. Nakwambia mapema."

Akaenda kwa wenzake. Ofisi ya walimu ilikuwa imejaa, watu wanasahihisha madaftari. Akamwendea Mwalimu Fidelis wa jiografia, jirani yake wa meza.

"Waache wakamate panya," Fidelis alisema. "Si kazi yao?"

"Kibiriti anaweza. Sista hajui panya. Amelelewa kwenye sahani."

Kicheko kikaanza pembeni, kikazunguka ofisi nzima. Fidelis mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani.

"Rafiki yangu," alisema akijifuta machozi, "oa. Mke atakuangalizia paka."

"Nimeoa," Jastin akajibu.

Watu wakarudi kwenye madaftari yao. Hakuna aliyecheka tena, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Alijaribu tenga. Alifikiri atawabeba mpaka Narung'ombe kama mtu anavyobeba kuku. Sista aliingia, akajikunja, akangoja. Kibiriti alimchana mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, akapanda juu ya kenchi za paa, hakushuka mpaka jua lilipozama.

Akabaki na mtu mmoja tu duniani. Bi Rozalia.

Bi Rozalia alikuwa mjane, anakaa nyuma ya kanisa. Yeye na marehemu mumewe ndio waliowasimamia Jastin na Lusiana siku ya ndoa yao. Walisimama nyuma yao mbele ya padri, wakaahidi kuwalea wanandoa hao kama watoto wao. Jastin alikuwa hajamtembelea kwa muda mrefu. Aliona aibu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni.

"Milele amina. Karibu, Mwalimu. Umekonda."

Akaeleza haja yake. Alijiandaa kukataliwa, hata maneno ya kubembeleza alikuwa nayo tayari.

"Walete," Bi Rozalia alisema.

"Mama, hujauliza hata wanakula nini."

"Wanakula nini?"

Jastin akaeleza. Dagaa wa kuchemshwa, wasitiwe chumvi. Uji uliopoa Sista hali. Kibiriti anaogopa radi, ikipiga anaingia chini ya kitanda, na haji kwa kuitwa, anakuja kwa kugongewa sahani. Bi Rozalia alisikiliza akitikisa kichwa.

"Unaondoka lini?" aliuliza.

"Jumamosi."

"Asubuhi au mchana?"

"Asubuhi na mapema."

"Haya. Na kurudi?"

"Mtihani ukiisha, mwishoni mwa mwezi."

"Haya," alirudia. Jastin akamwona mama mwangalifu, anayetaka kujua kila kitu, na akajilaumu kwa kutomfikiria mapema.

"Kuna jambo moja, mama. Akija mwenyewe..."

"Mwenyewe nani?"

"Lusiana. Akija kuwafuata, mwambie anisubiri. Mwambie tumbo lilikuwa vidonda. Mwambie Edina ameondoka siku nyingi."

Bi Rozalia alikuwa anamenya muhogo. Aliendelea kuumenya mpaka ukawa mwembamba kuliko inavyotakiwa.

"Nitamwambia," alisema.

*

Narung'ombe mtandao ulikuwa wa kutafuta. Ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya vyoo vya shule, na hata hapo ilibidi mtu asimame ameelekea barabarani. Mchana wasimamizi hawakuruhusiwa simu. Jioni, makaratasi yakishafungiwa, Jastin alikuwa wa kwanza kupanda kichuguu.

"Wamekula?"

"Wamekula," Bi Rozalia alijibu.

"Wote?"

"Wote. Kibiriti kaongezwa."

"Jana huku ilipiga radi. Huko je?"

"Ilipiga. Akaingia chini ya kitanda. Akagongewa sahani, akatoka."

Jastin alishuka kwenye kichuguu akiwa mwepesi. Tangu Lusiana aondoke hakuwahi kupata mtu wa kuzungumza naye habari za nyumbani. Sasa alikuwa naye. Alianza kuingojea jioni. Wakati watahiniwa wanakuna vichwa juu ya maswali ya kemia, yeye alikuwa anapanga atamuuliza nini Bi Rozalia.

Na majibu yalikuwa matamu. Sista kaanza kulala miguuni pa mtu. Sista kaviringisha kidonge cha uzi uwanja mzima. Kibiriti kaiba mkia wa samaki jikoni, akakimbia nao, akaangusha sufuria. Jastin alicheka peke yake pale juu, na watoto wa kijijini wakamwita mwalimu wa kichuguu.

Msimamizi mkuu, mzee mmoja wa Ruangwa aitwaye Mikidadi, alimuuliza siku moja wakati wa chakula, "Unampigia mkeo?"

"Naulizia paka."

Mikidadi alimtazama, akaendelea kula.

Halafu ikaja jioni ya Alhamisi.

"Wazima," Bi Rozalia alisema. "Ila huyu mwekundu leo katia kero. Kalala juu ya cherehani tangu asubuhi, hataki kushuka, kazi haziendi."

"Cherehani?"

Simu ikawa kimya. Jastin aliitazama akidhani mtandao umekatika. Haukukatika.

"Cherehani gani, mama?"

"Ya jirani," Bi Rozalia alisema. "Paka wanatembea hawa. Haya, usiku mwema, Mwalimu."

Jastin hakushuka. Alibaki amesimama na simu mkononi. Nyumba ya Bi Rozalia aliijua. Upande mmoja kuna shamba la mahindi la parokia. Upande wa pili kuna kijana anayetengeneza baiskeli. Jirani mwenye cherehani hayupo.

Kesho yake, mtihani wa Ijumaa ulipokwisha, alimfuata Mikidadi.

"Naomba ruhusa niende Nachingwea. Jumapili jioni nitakuwa hapa."

"Umefiwa?"

"Hapana."

"Una mgonjwa?"

"Paka, mzee. Sijui wamepatwa na nini."

Mikidadi alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Nimesimamia mitihani tangu wewe hujazaliwa," alisema. "Watu wamenidanganya kwa bibi zao, kwa shangazi zao, kwa watoto wao. Huyu wa kudanganya kwa paka sijampata. Ndiyo maana nakuamini. Nenda, lakini Jumapili jioni nikuone hapa."

*

Jumamosi alimkuta Bi Rozalia uani, anatandaza korosho kwenye mkeka. Jastin alikuwa na mfuko wa dagaa mkononi. Hakusalimia.

"Paka wako wapi?"

"Kaa kwanza."

Jastin hakukaa. Mtu akiambiwa hivyo ujue pana msiba.

"Wamekufa?"

"Wazima kuliko wewe. Kaa, mwanangu. Wako kwa mwenyewe."

Jastin akaketi juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa.

"Alikuja lini?"

"Siku ile ile. Gari lako linatoka stendi, lake linaingia. Aliniambia alikuona dirishani, umeegemea mkono. Akajifunika kanga usoni mpaka mlipopita."

"Ulimwambia anisubiri?"

"Nilimwambia. Nikamwambia na ya tumbo, na ya Edina. Yote alikuwa anayajua. Nilishamwambia zamani."

"Zamani? Kumbe mnaongea?"

"Tunaongea. Hatukuwahi kuacha."

Jastin aliinuka, akaketi tena.

"Nilipokuja na habari ya kusafiri, ukanipigia hesabu zako. Asubuhi au mchana. Kumbe unamuulizia yeye."

"Nilimuulizia yeye," Bi Rozalia alikubali. Hakuinamisha macho. "Mwaka mzima binti huyu ananiomba. Mama, Jastin akisafiri tu nishtue, nije nichukue paka wangu. Mwaka mzima namjibu hajasafiri. Sikukuu zikapita, hajasafiri. Mdogo wako akaoa, nikasema sasa atakwenda. Hukwenda."

"Nilikuwa namsubiri yeye."

"Najua. Ndiyo maana hakuja."

Kuku mmoja alikuja akadonoa ukingo wa mkeka. Hakuna aliyemfukuza.

Jastin alikumbuka jioni zake zote za barazani, shati limepigwa pasi, taa imewashwa mapema ili nyumba ionekane ina mtu. Kila jioni aliyokaa ilikuwa inamzuia mkewe njiani. Angeondoka hata mara moja, angeenda hata Masasi kununua viatu, mambo yangekuwa mengine. Au yasingekuwa. Hakujua.

"Na uliyokuwa unaniambia kwenye simu? Kibiriti na samaki, Sista na uzi? Ulikuwa unayatunga?"

"Sikutunga neno. Nilikuwa nampigia yeye kwanza, ananisimulia, kisha nakusubiri wewe. Ile Alhamisi nilisahau kuiondoa cherehani."

Hapo Jastin akajiinamia. Kumbe juu ya kichuguu kile, jioni baada ya jioni, yaliyokuwa yanamchekesha ni maneno ya mkewe. Alikuwa akiyapokea kwa mdomo wa mwingine, naye akayapenda bila kuyajua ni ya nani.

Kisha hasira ikapanda.

"Wewe ni msimamizi wetu. Uliahidi mbele ya padri."

"Niliahidi kuwaangalia wote wawili," Bi Rozalia alisema, na sauti yake ikakaza kwa mara ya kwanza. "Ulipoacha kula kwako, ulikuja kuniuliza? Hukuja. Alikuja yeye, na bakuli kichwani. Akaniambia, mama, kula wewe, nione mtu anakula mkono wangu. Nikala, Mwalimu. Nikala hapo ulipokaa, siku nyingi, nikiwa nimeshiba chakula changu mwenyewe. Binti alikuwa ananitazama mdomoni kama mtoto."

Jastin aliuweka chini mfuko wa dagaa.

"Yuko wapi?" aliuliza baadaye.

"Mpaka juzi alikuwa hataki ujue. Jana kanipigia. Kasema, akiuliza, mwelekeze."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo. Yuko Ruangwa mjini, ukipita soko, nyumba ya kona yenye mlango wa kijani. Lakini Mwalimu, usije..."

Lakini hiyo hakuisikia. Alikuwa ameshatoka nje ya ua.

Usiku ule nyumbani kwake alinyoa ndevu na kupiga pasi shati jeupe. Asubuhi alinunua kitenge dukani, chenye maua ya bluu, rangi ambayo Lusiana aliipenda. Bibie alipomwona anafunga mlango akamuuliza anakwenda wapi amependeza hivyo.

"Kwa mke wangu," Jastin alisema. Neno hilo lilikuwa na muda mrefu mdomoni mwake halijatoka.

Njia nzima kuelekea Ruangwa mabibo yalikuwa yananukia kutoka mashambani. Aliona kila kitu kizuri. Mtu asiyetaka kuonana nawe haelekezi watu nyumba yake. Alijisemea hivyo tena na tena, kama anayethibitisha kanuni ubaoni.

*

Mlango wa kijani ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Barazani palikuwa na cherehani ile ile, na juu yake Kibiriti amelala, mkia unaning'inia.

Lusiana alitoka jikoni, uani, na mwiko mkononi. Alikuwa amenawiri. Hilo halikumfurahisha Jastin kama alivyotarajia.

"Karibu, Mwalimu."

Zamani alimwita Baba. Jastin alilisikia, akalimeza.

Akaletewa kiti, akawekewa hapo hapo barazani. Sista alitokea chini ya meza, akamnusa viatu, akajilaza juu ya mguu wake. Jastin aliona ni dalili njema.

"Umetoka safari," Lusiana alisema. "Nimepika. Utakula?"

"Nitakula."

Ulikuwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Alinawa, akala. Alikula tonge baada ya tonge bila kuinua macho, akafuta bakuli kwa kidole, akala na kilichoganda pembeni. Alikula kwa ajili ya jioni zote alizovaa ndara akatoka. Alipomaliza alimtazama mkewe, akitegemea kuona kitu fulani usoni pake.

"Kilikuwa kitamu," alisema.

"Na zamani kilikuwa kitamu." Lusiana aliondoa vyombo.

"Lusiana, nilikosea. Dada yangu..."

"Dada yako alisema. Wewe ulisusa. Mimi Edina sina shida naye." Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayetaja bei. "Sikukuita tuanze hayo, Mwalimu. Nilitaka uelekezwe hapa kwa sababu ya hawa."

Akaonyesha paka kwa kidevu.

"Nahamia Songea," alisema. "Nimepata pa kushonea. Niliwachukua ili niende nao. Sasa nimeambiwa nyumba ninayokwenda hawataki paka. Nimehangaika. Bi Rozalia nimemwomba, kasema magoti yake hayamruhusu. Mwenye nyumba hapa kasema nikiwaacha atawatupa porini. Nimewauliza wateja, kila mmoja anasema lete huyo mwekundu, huyo mweusi hapana."

"Hawawezi kutengana," Jastin alisema.

"Ndilo nililosema na mimi."

Kwa kitambo kidogo walikuwa wanaongea kama mume na mke. Jastin akakumbuka Bibie, ofisi ya walimu, tenga, mkono uliochanwa. Mkewe naye alikuwa amepita njia ile ile, akazunguka mji wa Ruangwa kama yeye alivyozunguka Nachingwea. Akamhurumia. Akamtaka.

"Nitawachukua," alisema haraka. "Mtihani ukiisha nitarudi nao nyumbani. Kwa sasa nitamwomba Mikidadi, mzee wetu kule, ana chumba. Watakula, Lusiana. Unajua watakula. Na wewe utakapokuja kuwafuata..."

"Sitakuja."

Alilisema taratibu, na akasogeza kigoda, akaketi karibu naye kuliko alivyokuwa.

"Nisikilize. Bi Rozalia kanieleza ulivyolishika lile neno nililoacha mlangoni. Kaniambia huendi hata kwenye harusi za ndugu zako. Jastin, sikulisema nikufunge. Nilikuwa na uchungu wa paka. Ni paka tu niliowasema."

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtaja kwa jina.

"Kwa hiyo safari hii nakupa mwenyewe, kwa mkono wangu. Ni wako. Ukitaka kusafiri, safiri. Ukitaka kuhama, hama nao. Mimi sina changu tena kwako cha kufuata."

Jastin alitazama chini. Sista alikuwa amefumba macho, kifua cheupe kinapanda na kushuka juu ya kiatu chake. Kitenge kilikuwa bado kwenye mfuko, hakijatolewa.

Alielewa alichokuwa anapewa. Mwaka mzima alikuwa mtunza paka wa mwanamke atakayerudi. Akiinuka na paka hawa leo, atakuwa mwanamume mwenye paka wawili, basi. Hakutakuwa na padri wala karatasi, lakini itakuwa imekwisha, na atakuwa ameimaliza yeye kwa kusema ndiyo.

Na akikataa? Lusiana hataweza kuwatupa. Atabaki nao, atahangaika, safari itakwama, pengine wiki, pengine mwezi. Katika mwezi mmoja mtu anaweza kuja Ruangwa kila Jumamosi. Anaweza kula kila atakachopikiwa.

Lilikuwa wazo baya, alilijua kuwa ni baya, na akalikumbatia.

"Lusiana," alianza, "nimefikiri vizuri. Mimi hawa paka siwezi..."

Pazia la mlango likatikisika. Sista akainua kichwa, akanyoosha mgongo, akauacha mguu wa Jastin na kuingia ndani bila haraka, kama anayemjua aliyemo. Kitanda kikalia. Sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyeamka usingizini nyumbani kwake, ikauliza,

"Lusi, amekubali?"

Lusiana hakugeuka. Alikuwa anamtazama Jastin usoni, naye anangoja jibu lile lile.